Unahamia nyumba mpya Mpanda? Soma hapa kabla hujanunua friji na makochi

Tangu niseme humu kwamba nimehamia kwangu, maswali ni yale yale kila siku: friji umenunua wapi, makochi umechongesha kwa nani, eti ni kweli mninga wa Mpanda ni bei ya bure? Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja niandike yote mara moja, ili hata yule anayehamishiwa Katavi mwezi ujao apate pa kuanzia. Majina ya maduka sitaji, na bei pia sitaji. Bei zinapanda na kushuka kila siku, na maduka... mji wenyewe huu tunafahamiana wote.

Kwanza mjue hali yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo kilipotoka nikanunua nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma upande wa Makanyagio. Vyumba vitatu na sebule, bati zimechoka, waya za umeme zinaning'inia kama mizizi. Naishi na mama yangu mzazi, ana kisukari na anachoma sindano ya insulini asubuhi na jioni. Kwa hiyo friji kwangu haikuwa ya soda za wageni. Mtu akiniambia friji ni anasa, huwa namsikiliza tu.

Na bado nikakosea. Kabla fundi umeme hajatia mguu ndani, mimi nimeshabeba friji ya mtumba kutoka dukani, eti imeshushwa bei. Nikaichomeka kwenye soketi kuukuu ya sebuleni. Siku ya tisa, mchana kweupe, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi kwa kishindo. Friji ikatoa sauti kama mtu anayekohoa, halafu kimya. Kompresa imeungua. Dukani nikajibiwa, "Mwalimu, cha mtumba hakina garantii." Risiti sikuwa nayo, nitasema nini? Usiku ule insulini ya mama ililala kwa jirani anayeuza samaki, ndani ya friji yake, tumeifunga kwenye kopo la maziwa ya unga ili isishike harufu.

Ndiyo maana nasema: ANZA NA SOKETI, DUKANI UTAKWENDA BAADAYE. Watu wengi wa huku tunafanya kinyume, maana vitu vinavutia na waya havivutii.

Wageni wajue historia kidogo. Kwa miaka mingi Mpanda ilikuwa inaendeshwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO, nje kabisa ya gridi ya taifa. Njia ya kilovoti 132 iliyojengwa kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ndiyo ya kuutoa mkoa kwenye majenereta. Jambo jema, lakini gridi haiji kurekebisha waya za ndani kwako. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mwambie akuoneshe hiyo leseni bila aibu, akubadilishie waya, akuwekee breka zinazofanya kazi na earthi iliyochimbiwa ardhini, siyo earthi ya kwenye karatasi. Friji iwe na soketi yake peke yake. Na ukutani, kati ya soketi na friji, weka kile kifaa ambacho mafundi wanakiita gadi. Umeme ukishuka mno au ukipanda mno, gadi inakata. Ukirudi, inasubiri dakika kadhaa ndipo inaruhusu. Kusubiri huko ndiko kunakookoa mashine: friji ikizimika ghafla, gesi ndani bado ina msukumo mkubwa upande mmoja, na kompresa ikilazimishwa kuanza papo hapo inasukuma ukuta. Ukifanya hivyo mara nyingi inaungua. Gadi ni bei ndogo sana ukilinganisha na friji. Mimi ya kwangu nimeinunua baada ya msiba, kama kawaida yetu.

Ukienda kununua friji, pindua mgongo wake usome kibandiko kabla hujaangalia rangi. Kwetu umeme ni voti 230 na hezi 50, kwa hiyo kibandiko kiseme 220 hadi 240, hezi 50. Mtumba uliotengenezwa kwa soko la Japani ni voti 100, wa Marekani ni 110 hadi 120. Hivyo bila transfoma ni chuma chakavu. Soma na aina ya gesi. Ukikuta R12, achana nayo, ni gesi ya zamani inayoharibu tabaka la ozoni na ilipigwa marufuku duniani kupitia Mkataba wa Montreal wa 1987. Siku ikivuja hakuna wa kukujazia. R134a au R600a ndiyo utakazozikuta kwenye friji za miaka ya karibuni. Halafu ikiwa imesafiri imelazwa kwenye Fuso kutoka Dar au Mwanza, isimamishe masaa kadhaa kabla ya kuiwasha, oili irudi mahali pake. Dai risiti ya EFD na karatasi ya garantii yenye mhuri. Ukiuziwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi hiyo, lakini bila risiti utaanzia wapi?

Kwa wale wenye mgonjwa nyumbani kama mimi, hapa nitakaa kidogo. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8. Usiiweke karibu na barafu wala kuibana kwenye ukuta wa nyuma wa friji, kwa sababu IKIGANDA IMEKUFA, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Mimi naiweka shelfu ya kati, kwenye kibakuli, na kipimajoto kidogo pembeni yake. Umeme ukikatika usifungue fungue mlango. Friji iliyofungwa inatunza ubaridi kama masaa manne, na friza iliyojaa, ile ya kufunguliwa kwa juu, inaweza kufika siku mbili. Ndiyo maana mara ya pili nilichukua yenye friza, na nafasi yote iliyo wazi nimeijaza chupa za maji. Maji yakishaganda ni akiba ya baridi. Ile chupa ambayo mama ameshaifungua inaweza kukaa nje ya friji takriban wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 25 hadi 30 kutegemea aina yake, soma karatasi yake au umuulize mfamasia. Lakini mwezi wa tisa na wa kumi hapa Mpanda, chini ya bati lisilo na dari, joto linapita hapo. Tunatumia chungu: chungu kikubwa, mchanga uliolowana, chungu kidogo ndani, kitambaa kibichi juu. Kiangazi hewa ni kavu na kinapoza vizuri. Masika hakifanyi kazi sana, ila masika nako joto limepungua.

Jambo lingine la umeme ni LUKU. Wenye matumizi madogo ya nyumbani wana ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, ukizidisha bei ya uniti inapanda zaidi ya mara tatu. Sasa piga hesabu nami. Friji ya kawaida, uniti moja kwa siku, ni 30 kwa mwezi. Taa sita za wati 9 kwa masaa matano kila usiku, kama 8. TV ya wati 80 masaa hayo hayo, 12. Pasi ya wati 1000, nusu saa kila siku, 15. Jumla 65, bado uko salama. Sasa mkeo (au wewe mwenyewe, tusiwasingizie wake zetu) akitaka ile hita ya bombani ya wati 5000, robo saa kwa siku, hiyo peke yake ni uniti 37 na ushee. Umeshatoka kwenye kundi. Mimi naoga maji ya jua: ndoo nyeusi uani.

Haya, tuje kwenye mbao, ndiko wengi mnakosubiri.

Ni kweli Mpanda tuna mninga. Miombo yote inayotuzunguka ndiyo kwao. Mti wenyewe ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, na mbao yake haitanuki wala kusinyaa sana, ndiyo maana maseremala wanaipenda. Ila uzuri wa mninga uko kwenye moyo wa mti, ile sehemu ya kahawia. Ule weupe wa pembeni ni chakula cha wadudu wanaotoboa na kumwaga unga. Fundi mjanja anapaka vanishi ya rangi nzito juu ya weupe, nawe unaona kitanda chote ni kahawia. Kwa hiyo nenda karakana KABLA ya vanishi. Mwambie fundi, "Nionyeshe mbao kwanza," halafu rudi tena akishaunga na kabla hajapaka. Pindua, angalia chini, angalia chaga na miguu ya nyuma. Weupe huwa unafichwa huko.

La pili ni ukavu. Mbao mbichi ni nzito kuliko umbo lake, ukiiweka shavuni ni ya baridi, ukiigonga inajibu kwa sauti nzito iliyokufa. Kavu inalia. Wazee wa useremala wanasema inchi moja ya unene inataka mwaka mmoja wa kukauka kwenye kivuli chenye upepo. Nani anasubiri mwaka siku hizi? Nikamuuliza fundi wangu mbao ameanika muda gani. Akasema, "Mwalimu, hii ina miezi mingi." Mingi mingapi? Akacheka. Kabati nililochukua kwake mwezi wa nane lilikuwa linafunga vizuri sana. Mvua za Novemba zilipoanza, droo mbili zikagoma. Alikuja akapiga randa bure, mtu muungwana, lakini ukichongesha kiangazi mwambie aache nafasi kidogo kwenye droo na milango.

La tatu halipendwi kutajwa. Utafuatwa jioni na mtu mwenye mninga wa bei nusu, mbao hazina alama yoyote. Mbao halali ina alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na mwenye nayo ana risiti ya ushuru na hati ya kusafirishia. Ukikamatwa nayo barabarani hata kama tayari ni kitanda, una maelezo ya kutoa. Ukitaka kuhamisha fanicha zako kwenda mkoa mwingine, pita kwanza ofisi ya TFS uulize. Na si hofu ya kukamatwa tu. Kwenye Wilaya ya Tanganyika hapo jirani, vijiji nane vinalipwa fedha za hewa ya ukaa kwa kuutunza msitu wa milima ya Ntakata, na fedha hizo zinajenga madarasa na zahanati. Kitanda changu kikitoka huko kwa njia ya panya, nimelalia dawa ya mtu.

Siyo lazima kila kitu kiwe mninga. Mkora (Pwani wanaita mkongo) ni mgumu na unafaa milango. Kenchi za paa nimeweka paina iliyotiwa dawa, inatoka Mufindi. Ila chochote utakachoweka, fikiria mchwa. Mwaga dawa kwenye msingi na chini ya sakafu wakati wa ukarabati, siyo baada ya marumaru, na usiegemeze kabati ukutani moja kwa moja.

Mengine nayapita haraka. Godoro pima kitanda kwanza, maana "5 kwa 6" ya seremala na ya kiwandani huwa zinagombana, na kwa mzee mwenye mwili chagua zito, siyo laini. Mapazia nunua mwisho kabisa, vumbi la mafundi lisipate pa kukaa. Jiko la gesi: ulizia kwanza nani anabadilisha mitungi ya kampuni hiyo mtaani kwako, mtungi wa kampuni isiyo na wakala Mpanda utakuwa stuli. Vitu vya kutoka mbali siku hizi vinakuja kwa lami ya Tabora kupitia Koga, tofauti na zamani ambapo masika ilibaki treni ya Kaliua tu, reli ile iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Ukiagiza kioo, lipia na kreti.

Na mlango upime. Mimi sikupima. Makochi yalipoletwa, mlango wangu una sentimita 80 na kochi kubwa lina 92, hata tukiligeuza ubavu mgongo unakwama. Vijana wa mkokoteni wamesimama juani, mama anatoa ushauri kutoka kwenye kiti chake. Mwishowe liliingia kwa dirishani, kwa sababu fundi wa nondo alikuwa hajaja. Amekuja wiki iliyofuata akaweka nondo zake, kwa hiyo kochi lile sasa halitoki tena.