UVIRA NA UJIJI: SIKU ZA MTUMBWI, DAKIKA ZA NDEGE

Tukitazama ramani ya Ziwa Tanganyika, kutoka Uvira mpaka Ujiji ni kilometa 180 hivi kwa mstari ulionyoka. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilometa 360 kwa saa ingezipita kwa nusu saa tu. Lakini wazee wetu hawakupima safari kwa kilometa. Walihesabu siku, tena waliuliza kwanza: je, njiani kuna amani?

Historia inaonyesha kwamba waliuliza vema. Katika Aprili 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka Ujiji kwa mitumbwi, wakatumia karibu majuma mawili kufika Uvira. Walikuwa wanautafuta mto Rusizi, kwani walitaka kujua kama unatoka ziwani kuelekea Nile. Wana wa mtemi wa Uvira waliwaambia wazi kwamba unaingia ziwani. Mdomo wa mto ulikuwa karibu, chini ya kilometa 20. Hata hivyo wapiga makasia walikataa kuendelea, kwa kuwaogopa watu wa mbele. Basi wageni wakarudi bila kuuona.

Miaka 13 ikapita. Katika Novemba 1871, Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika kwenye Rusizi, wakaona kwa macho yao yale waliyokwisha kuyasema wana wa Uvira. Safari hiyo, kwenda na kurudi, iliwachukua siku 28.

Wamisionari wa Afrika, ndio Mapadri Weupe, walionja ugumu wa njia kupita hao. Msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo katika Juni 1878, ukafika Ujiji katika Januari 1879. Ile ndege yetu ingeuruka umbali huo, kilometa 1,030 hivi, kwa karibu saa tatu. Wao walitembea miezi saba pamoja na wapagazi wao. Padri Pascal, mkubwa wa kundi la Tanganyika, alikufa njiani katika Agosti 1878, asilione ziwa.

Mtu aweza kusema: hayo ni mambo ya zamani, siku hizi kuna motokari na ndege. Lakini tukumbuke mwaka wa 1964. Waasi waliuteka mji wa Uvira katika Mei, wakawazuia Askofu Danilo Catarzi na wamisionari wake. Katika Oktoba hao wa Uvira walikombolewa. Kutoka hapa mpaka Baraka ni kilometa 80 hivi kwa mstari ulionyoka, yaani robo saa ya ndege. Lakini wokovu haukufika huko. Tarehe 28 Novemba 1964, Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Siku ileile Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert waliuawa Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024, wote wanne walitangazwa wenye heri hapa Uvira.

Ndugu wasomaji, chombo chaweza kubadilika, kutoka mtumbwi hata ndege. Lakini kilichomzuia Burton karibu na Rusizi, na kilichoifanya Baraka kuwa mbali na Uvira, hakikuwa wingi wa kilometa. Ilikuwa hofu ya mtu kwa mwenziwe. Kwa hiyo anayetengeneza amani kati ya kijiji na kijiji, huyo naye ni mtengeneza njia.