Mavi ya Kale Hayanuki? Mkataba na Deni la Kusafisha Ardhi Iliyotiwa Sumu

Mwezi Aprili 1953 kampuni ya kemikali ya Hooker iliiuzia bodi ya elimu ya mji wa Niagara Falls, jimbo la New York, kiwanja kwa bei ya dola 1. Ndani ya kiwanja hicho kulikuwa na mfereji wa zamani ujulikanao kama Love Canal, ambamo kampuni ilikuwa imefukia taka za kemikali zinazokadiriwa kufikia tani 21,000. Hati ya mauzo haikuficha jambo hilo. Ilieleza kwamba mfereji umejazwa taka za kemikali, kwamba mnunuzi anaibeba hatari yote, na kwamba muuzaji hatadaiwa mtu akiumia au akifa. Shule ikajengwa, ikafunguliwa mwaka 1955, na nyumba za watu zikaizunguka. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura mahali hapo, na familia zikaanza kuhamishwa.

Wahenga wetu walisema mavi ya kale hayanuki. Katika magomvi ya jamaa methali hiyo ina busara yake, kwa kuwa yaliyopita yakiachwa yapite watu hupata kuishi pamoja. Ardhi haina msamaha wa namna hiyo. Sumu iliyozama udongoni miaka 30 iliyopita hainuki kweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo: anayejenga juu yake hana cha kumwonya isipokuwa karatasi, na karatasi imo kabatini mwa mtu mwingine. Ndiyo maana swali la mkataba lina uzito katika jambo hili. Nashikilia kwamba mkataba unaweza kugawa gharama za usafishaji baina ya waliotia saini, na una haki ya kufanya hivyo. Hauwezi kumfutia mchafuzi deni lake kwa watu ambao hawakutia saini. Na hata baina ya waliosaini, ahadi ya kusafisha ina thamani sawa na fedha zilizowekwa nyuma yake, basi.

Marekani ilitunga sheria yake ya kusafisha maeneo ya taka hatari mwaka 1980, kwa sehemu kubwa kutokana na kilio cha Love Canal. Sheria hiyo inamfikia mmiliki wa sasa, mmiliki wa wakati sumu ilipomwagwa, aliyeagiza taka zitupwe na, kwa masharti fulani, aliyezisafirisha. Na uharibifu usipogawanyika, kila mmoja wao aweza kudaiwa gharama zote. Juu ya mikataba, kifungu chake cha 107 kinashika njia mbili kwa pamoja. Hakuna makubaliano yanayoweza kumhamishia mtu mwingine dhima hiyo mbele ya serikali, lakini makubaliano ya kulipana fidia baina ya wahusika wenyewe yanabaki halali. Serikali inakudai wewe. Wewe ukamdai aliyekuahidi.

Kwa Love Canal matokeo yalikuwa haya. Kampuni ya Occidental, iliyokuwa imeinunua Hooker mwaka 1968, ilitamkwa na mahakama ya shirikisho mwaka 1988 kuwa inawajibika kwa gharama za usafishaji, na mwaka 1995 ilikubali kuilipa serikali kuu dola milioni 129. Kifungu cha 1953 hakikuizuia serikali. Wapo wanaoitetea Hooker, wakisema bodi ya elimu ndiyo iliyong'ang'ania kiwanja na kwamba onyo lilitolewa waziwazi. Nakiri kwamba wana hoja: muuzaji aliyesema kweli si sawa na aliyedanganya. Lakini tuangalie onyo lile lilimfikia nani. Lilimfikia mnunuzi, taasisi ya umma isiyo na utaalamu wa kemikali wala fedha za kufukua tani zile. Nyumba nyingi zilizopakana na mfereji zilikuwa kwenye viwanja ambavyo Hooker haikuwahi kuviuza, na hati za wakazi wake hazikuwa na neno lolote la tahadhari. Maji ya chini ya ardhi hayasomi mipaka ya hati miliki.

Pingamizi kubwa dhidi ya msimamo wangu linatoka kwa watetezi wa uhuru wa mikataba. Watauliza: mnunuzi akijua kiwanja kina sumu, akapunguziwa bei kwa sababu hiyo, kwa nini asibebe mzigo alioununua kwa macho yake? Jibu ni kwamba aubebe, mradi tunazungumza juu yake na muuzaji. Mahakama ya rufani ya mzunguko wa tisa nchini Marekani iliamua hivyo mwaka 1986 katika kesi ya kampuni ya Mardan, iliyonunua kiwanda cha ala za muziki, kisha ikatia saini hati ya kumwachilia muuzaji asidaiwe tena. Ilipogeuka kumdai mchango wa gharama za usafishaji, iliambiwa kwamba hati inaifunga. Mwongozo wa Uingereza, uliotolewa chini ya sheria ya mazingira ya 1990, unakwenda mbele zaidi: mamlaka yenyewe hutakiwa kufuata mgawanyo waliokubaliana wahusika. Hata hivyo unaweka sharti ambalo naliona ni kiini cha suala zima. Mapatano hayafuatwi ikiwa yule aliyejitwika mzigo mkubwa ni mtu ambaye angesamehewa malipo kwa sababu ya ugumu wa hali yake. Kwa maneno mengine, hairuhusiwi kumtwika maskini deni kwa saini, kisha umma ulipe kwa niaba yake.

Sasa tuje Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, eneo la Mikindani, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014, ukuta kwa ukuta na makazi ya watu wapatao 3,000. Moshi ulitua juu ya mapaa, majitaka yakapita vichochoroni, na risasi ikapatikana katika damu za watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mwenyewe alidhurika, aliongoza wakazi kwenda mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Iliagiza pia udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 kwa kazi hiyo. Baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliirejesha tuzo ya fidia Desemba 2024.

Wengi huisimulia kesi hii kama ushindi wa haki ya mazingira safi iliyomo katika ibara ya 42 ya Katiba, na ni kweli. Mimi naisoma pia kama kesi ya upangaji. Kiwanda hakikuwa kwenye ardhi yake, kilikodi. Kampuni yenye ardhi ilishtakiwa pamoja na mpangaji wake, ikapewa fungu la dhima, kama zilivyopewa pia wizara mbili na mamlaka ya kusimamia uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje. Fungu kubwa kupita yote, asilimia 40, liliangukia mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA. Mwenye ardhi hakuyeyusha betri hata moja. Lakini kodi aliyopokea ilitokana na shughuli ileile iliyotoa sumu, na yeye ndiye aliyekuwa na kalamu mkononi siku mkataba ulipoandikwa. Angeweza kudai mengi siku ile, na hakuna sheria iliyomzuia.

Mikataba mingi ya upangaji Afrika Mashariki inamtaka mpangaji arudishe kiwanja katika hali aliyokikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Ni sentensi inayosomeka vizuri mpaka siku ya ugomvi. Hali ipi hiyo aliyoikuta? Kama udongo haukuchimbwa na kupimwa maabara kabla ya funguo kukabidhiwa, mpangaji atasema risasi ilikuwepo, mwenye ardhi atasema ililetwa, na kila mmoja atamleta mtaalamu wake. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 humchukulia mpangaji kuwa ameahidi kuitumia ardhi kwa njia endelevu hata kama mkataba umenyamaza. Msaada huo ni wa kweli, ila bila kipimo cha mwanzo ahadi hiyo haipimiki. Kiwango cha usafi nacho huachwa hewani. Udongo unaotosha kwa karakana hautoshi kwa uwanja wa watoto kuchezea, na Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mkataba usiotaja udongo usafishwe hadi kufaa kwa matumizi gani haujasema lolote.

Halafu kuna fedha. Mpangaji wa kiwanda mara nyingi ni kampuni ndogo iliyosajiliwa kwa shughuli moja. Mitambo ikiuzwa, ahadi yake ya kusafisha hubaki jina kwenye daftari la msajili. Kwa hiyo dai la msingi liwe dhamana: hati ya dhamana ya benki au amana inayoshikwa na mtu wa tatu, ikaguliwe kila mwaka, isirudishwe mpaka kipimo cha mwisho kilinganishwe na cha mwanzo. Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 imeweka nafasi ya amana za namna hii kwa shughuli zenye madhara makubwa, na sheria ya Tanzania ya 2004 ina dhamana inayofanana nayo. Kinachokosekana ni mazoea ya kuzidai kabla ya kazi kuanza.

Nawaomba mawakili wanaoandika mikataba ya karakana, bohari na vituo vya mafuta wasikubali saini yoyote kabla ya cheti cha udongo kuambatishwa na risiti ya amana kuonekana. Wakazi wa Owino Uhuru walistahili kinga ya namna hiyo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na risasi haiozi.