Mbwa wa kahawia aliyejengewa sanamu mara mbili

Ndani ya bustani ya Battersea, kusini mwa mto Thames jijini London, kuna sanamu ya mbwa mdogo iliyozinduliwa Desemba 12, 1985. Sasa imewekwa pembeni, katikati ya miti, mahali ambapo mtu anaweza kupita asiione. Mbwa mwenyewe hakuwahi kujulikana jina. Anaitwa tu mbwa wa kahawia, na ugomvi uliozuka baada ya kifo chake ulichukua miaka saba, ukafika mahakamani na kuwamwaga vijana na polisi barabarani.

Swali lililokuwa nyuma ya ugomvi huo ni la zamani: je, mnyama ana haki mbele ya binadamu? Katika karne ya 17, Mfaransa René Descartes alifundisha kwamba mnyama ni kama mashine. Mswahili angembishia kwa sarufi tu. Sisi tunasema mtoto amelala, mbwa amelala, lakini saa imelala hatusemi, tunasema imesimama. Ngeli zetu zilishamweka mbwa upande wa mtoto. Mwaka 1789 Mwingereza Jeremy Bentham akaligeuza swali: tuache kuuliza kama mnyama anaweza kufikiri au kusema, tuulize kama anaumia. Mwaka 1822 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwalinda ng'ombe na farasi, na mwaka 1876 ikaja sheria ya majaribio ya maabara: mnyama aliyekwisha kupasuliwa akiwa hai auawe, asirudiwe kwa jaribio lingine.

Sheria hiyo ndiyo iliyovunjwa kwa mbwa wa kahawia.

Februari 2, 1903, katika chuo cha University College London, mwanasayansi William Bayliss alisimama mbele ya wanafunzi wapatao 60. Mbwa alikuwa amelazwa chali juu ya ubao, miguu imefungwa, kichwa kimebanwa, mdomo umezibwa. Shingo ilikuwa imechanwa ili Bayliss aonyeshe jinsi mishipa ya fahamu inavyoendesha tezi za mate. Alijaribu kwa takriban nusu saa, jaribio likakataa. Mbwa akaondolewa, na mwanafunzi mmoja akammaliza kwa kisu.

Kati ya waliokuwa wakitazama walikuwamo wasichana wawili wa Sweden, Lizzy Lind af Hageby na Leisa Schartau, waliojiandikisha kusoma ili waone kwa macho yao kinachofanyika nyuma ya milango ile. Waliona tumboni mwa mbwa kovu la upasuaji wa awali. Waliandika pia kwamba alikuwa akifurukuta na kwamba hawakusikia harufu ya dawa ya usingizi.

Wakili Stephen Coleridge, kiongozi wa chama kilichopinga upasuaji wa wanyama hai, akayatangaza maneno yao hadharani. Bayliss akamshtaki kwa kumchafulia jina. Kesi iliyosikilizwa Novemba 1903 ilijaza watu mpaka nje ya mahakama. Ernest Starling, mwenzake Bayliss, alikiri kwamba yeye ndiye aliyempasua mbwa yuleyule Desemba iliyotangulia, na kwamba alimrudia ili asiue mbwa wa pili. Lakini wanasayansi walishikilia kwamba mbwa alikuwa amelewa dawa, na Bayliss akashinda. Coleridge aliamriwa kulipa fidia ya pauni 2,000 pamoja na gharama, na wasomaji wa gazeti la Daily News wakachanga zaidi ya pauni 5,000 kumsaidia.

Coral Lansbury, aliyeandika kitabu kizima juu ya kisa hiki, anatilia mkazo jambo ambalo nakubaliana nalo: nguvu ya kumtetea mbwa ilitoka kwa wanawake na wafanyakazi, watu waliojua maana ya kuamuliwa mambo bila kuulizwa. Battersea ilikuwa mtaa wa watu wa kazi za mikono. Huko ndiko sanamu ya kwanza iliposimikwa Septemba 1906, juu ya chemchemi ya maji ya kunywa, watu wakinywa juu, wanyama chini. Maandishi yake yalitaja pia mbwa 232 waliopasuliwa chuoni hapo mwaka 1902 peke yake.

Wanafunzi wa udaktari wakaja juu. Novemba 1907 kundi lilivamia sanamu kwa nyundo, wakakamatwa na kupigwa faini. Desemba 10 karibu vijana 1,000 waliandamana katikati ya London wakiinua vinyago vya mbwa kwenye fimbo, wakapambana na polisi Trafalgar Square. Mikutano ya wanawake wanaodai kura nayo ikavurugwa. Kulinda sanamu usiku na mchana kuligharimu pauni 700 kwa mwaka. Alfajiri ya Machi 10, 1910, baraza jipya la mtaa likaing'oa chini ya ulinzi wa askari 120, kisha ikayeyushwa. Iliyopo leo ni ya pili.

Tuwatendee haki wanasayansi. Bayliss na Starling, kupitia mbwa, ndio waliogundua homoni ya kwanza mwaka 1902, na insulini ilipatikana Toronto mwaka 1921 kwa njia hiyohiyo. Anayejidunga insulini leo ana deni kwa mbwa.

Baadaye wanafalsafa Peter Singer, mwaka 1975, na Tom Regan, mwaka 1983, waliurudisha mjadala wa haki za wanyama vyuoni. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Sheria ipo, lakini barabarani sioni inavyofanya kazi. Punda anavuta mkokoteni wa saruji, kamba imemla bega mpaka nyama inaonekana, nzi wamejaa kidondani, na kijana aliye juu anachapa palepale penye kidonda. Hapo hakuna utafiti wala mgonjwa anayesubiri dawa. Halafu tunasema shukrani ya punda ni mateke, na sisi ndio tusiomshukuru.

Ukikutana na mkokoteni kama huo, msimamishe mwenye punda. Mwombe alegeze kamba na kuweka gunia chini yake, kisha ampe punda maji.