Tuta Lililobomoka na Amri Iliyorudiwa

Mvua za masika zikibomoa tuta moja kwenye mteremko wa Mlalo, katika milima ya Usambara, mkulima hachimbi upya mlima mzima. Huanza palipobomoka, kisha hushuka kukagua matuta ya chini, kwa kuwa maji yaliyopenya juu ndiyo yanayokwenda kuharibu ya chini. Yaliyo juu ya ufa huyaacha yalivyo. Milima hiyo inaujua vizuri ubaya wa amri isiyotazama shamba: mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa Bonde la Mlalo, watu wakalazimishwa kuchimba matuta, na mzigo mkubwa wa jembe ukawaangukia wanawake. Wasambaa wakapinga, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mradi ukaachwa.

Hesabu ile ya mkulima, ya kugusa palipobomoka na pa chini yake tu, ndiyo iliyomo ndani ya Make, programu ambayo kijana anayejifunza kuandika programu kwenye Linux, awe Lushoto au Dar es Salaam, hukutana nayo mapema. Kazi yake ni kujua amri ipi itekelezwe na ipi isirudiwe.

Ilizaliwa mwaka 1976 katika maabara za Bell, jimbo la New Jersey, Marekani. Steve Johnson, aliyetunga programu ya Yacc, aliingia ofisini kwa mwenzake Stuart Feldman akiwa amefura kwa hasira. Asubuhi nzima alikuwa akitafuta kosa ambalo alikwisha kulisahihisha. Alisahau tu kuligeuza faili lililosahihishwa kuwa lugha ya mashine, hivyo kompyuta ikaendelea kutumia toleo la zamani. Feldman mwenyewe alikuwa amepatwa na mkasa huohuo jioni iliyotangulia. Wikiendi hiyo akaandika Make.

Njia aliyoichagua ni nyepesi mno. Mwandishi anaorodhesha faili lipi linatokana na lipi, na kwa amri gani; maelezo ya namna hiyo huitwa kanuni. Make inalinganisha saa za mabadiliko: chanzo kikiwa kipya kuliko zao lake, amri inatekelezwa, kikiwa cha zamani, inarukwa. Katika enzi ambayo watu wengi waligawana kompyuta moja, kuruka kazi isiyohitajika kulikuwa neema kubwa. Mwaka 2003 Feldman alitunukiwa kwa kazi hiyo tuzo ya programu ya ACM, chama cha kimataifa cha wanakompyuta.

Lakini saa nayo hudanganya. Chukua kompyuta kuukuu ya mezani ambayo betri yake ya ndani imekufa. Umeme ukikatika na kurudi, tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Faili ulilolihariri leo linaandikwa tarehe ya zamani, Make inaliona la zamani kuliko zao lake na kulipita. Hapo ndipo asubuhi ya Johnson inapojirudia, kwa sababu nyingine kabisa. Bazel, programu ya kazi kama ya Make ambayo Google iliitoa kwa umma mwaka 2015, hukagua yaliyomo ndani ya faili badala ya kuamini tarehe pekee.

Tatizo lililonivutia zaidi ni la amri moja inayozaa mafaili mawili. Mfano wake maarufu ni Yacc yenyewe, programu ya Johnson yule yule: ikiendeshwa mara moja inaweza kutoa faili la msimbo na faili la vichwa. Ukiyaandika yote mawili katika kanuni moja ya kawaida, Make huielewa kuwa kanuni mbili zilizoandikwa kwa mkato. Kazi zikienda moja baada ya nyingine, huenda usione lolote. Ukiruhusu kazi nyingi kwenda sambamba, nakala mbili za amri ileile zinaweza kuanza kwa pamoja, zikaandika juu ya faili moja, na likatoka limeharibika. Leo kosa linatokea, kesho halitokei. Kosa la namna hiyo humchosha mtu kuliko lile la kila siku.

Kwa miaka mingi watu walipita njia za pembeni, kama kuunda faili tupu la ushahidi kwamba amri imeshatekelezwa. Dawa ya wazi ilikuja Januari 2020, katika toleo la 4.3 la GNU Make, Make inayotumika sana kwenye Linux: mwandishi huweka alama &: kati ya mazao na vyanzo vyake, badala ya nukta mbili pekee, na mafaili yote ya upande wa kushoto yanahesabiwa kuwa zao la amri moja, itakayotekelezwa mara moja. Ilikuwa karibu miaka 44 tangu wikiendi ile ya Feldman.

Tahadhari moja kwa anayeanza. Zana za Apple za waandishi wa programu zimeendelea kuja na toleo la 3.81 la GNU Make, la mwaka 2006, ambalo haliijui alama hiyo. Halitalalamika; litaichukulia & kuwa jina la faili jingine, na amri itaendelea kurudiwa. Kabla ya kuitegemea, andika make --version usome namba.