Herbert Southworth, mwenye radio aliyefuatilia uongo wa Franco kwa miaka sitini

Mji umeungua. Waliokuwa ndani wanasema ndege zilipita juu yao na kutupa bombe. Msemaji wa jeshi anajibu: hapana, ni nyinyi wenyewe mulichoma nyumba zenu mukikimbia. Nani anasema kweli? Na nani ataiandika, kisha miaka ngapi? Wasomaji wetu wa mashariki hawana lazima ya kufasiriwa uzito wa swali la aina hii.

Mji tunaouzungumzia hapa ni Guernica, katika inchi ya Wabasque kaskazini mwa Hispania, na siku ni tarehe 26 Aprili 1937. Mtu aliyepitisha sehemu kubwa ya maisha yake akifuatilia swali hilo hakuwa Mhispania. Alikuwa Mmarekani, Herbert Rutledge Southworth. Alifanya kazi mu migodi ya shaba, mu maktaba, mu biro ya propaganda, akawa na radio yake huko Afrika ya kaskazini, na mwishowe akawa mmoja wa wanahistoria walioogopwa zaidi na utawala wa Jenerali Franco.

Vita yenyewe

Tukumbushe kwamba Hispania ilikuwa Jamhuri tangu Aprili 1931. Mwezi wa Februari 1936 muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto ulishinda uchaguzi. Tarehe 17 na 18 Julai mwaka uleule, sehemu ya jeshi ikaasi. Uasi ulianzia Moroko, upande uliotawaliwa na Hispania, na njo kule Franco alichukua uongozi wa jeshi la Afrika. Hitler na Mussolini wakamtumia ndege na watu. Umoja wa Sovieti ukauzia Jamhuri silaha. Ufaransa na Uingereza zikasema haziingilie maneno ya wengine. Vita iliisha tarehe 1 Aprili 1939, na Franco akabaki mu kiti mpaka siku ya kifo chake, tarehe 20 Novemba 1975.

Muda ule wote utawala uliishi na hadithi yake. Mosi, kwamba majenerali waliasi juu wakomunisti walikuwa karibu kupindua serikali. Pili, kwamba haikuwa vita ya raia kwa raia, ilikuwa kruzada, vita takatifu ya kuokoa dini. Karibu maaskofu wote wa inchi waliiunga mkono mu barua yao ya Julai 1937. Tatu, kwamba Guernica ilichomwa na Wabasque wenyewe. Hayo njo yalifundishwa shuleni. Mwandishi wa ndani aliyetaka kusema tofauti alikutana na wakaguzi wa serikali kabla kitabu hakijafika kwa mpiga chapa, na maarifu ya jeshi hayakufunguliwa kwa kila mtu. Njo maana kazi ya kuchunguza vita ya Wahispania iliangukia kwanza mikononi mwa wageni na wakimbizi.

Kutoka mgodi wa shaba

Southworth alizaliwa tarehe 6 Februari 1908 kule Canton, mji mdogo wa jimbo la Oklahoma. Baba yake alikuwa na banki ndogo. Banki ikaanguka, jamaa ikahama, na kijana akakomalia Abilene, Texas. Masomo ya sekondari hayakumfikisha mbali. Alisoma zaidi peke yake, mu maktaba ya mji.

Kazi alizopata zilikuwa za mikono: ujenzi, kisha mgodi wa shaba wa Morenci, Arizona. Pale alifanya kazi pamoja na wachimbaji wa kutoka Mexico, na ni kwao alijifunza Kihispania. Hakukijifunza kwa mwalimu. Wakati bei ya shaba ilianguka kisha mporomoko wa uchumi wa 1929, akabaki bila kazi, sawa vile inatokea kwa mchimbaji yeyote ambaye bei yake inapangwa mbali na shimo lake. Akaingia chuo kikuu, akilipa masomo kwa kufanya kazi mu maktaba ya chuo. Mwaka wa 1934 akaenda Washington, akapata nafasi mu Maktaba ya Congress, mojawapo ya maktaba kubwa zaidi duniani. Mshahara haukufika nusu ya ule wa mgodini.

Vita ilipolipuka Hispania, akaanza kuandikia gazeti la Washington Post maoni juu ya vitabu vilivyotoka kuhusu vita hiyo. Balozi wa Jamhuri, Fernando de los Ríos, akaona maandishi yake na kumwita afanye kazi mu biro ya habari ya Hispania huko Marekani. Tuseme wazi: ile ilikuwa kazi ya propaganda. Southworth alikuwa na upande wake, na hakuuficha hata siku moja. New York alipata rafiki, Jay Allen, mwandishi wa habari aliyeripoti mauaji ya Badajoz ya Agosti 1936. Jamhuri ilishindwa vita, biro ikafungwa. Yeye hakufunga mafaili yake.

Radio ya Tangier

Mu vita ya pili ya dunia serikali ya Marekani ilimtuma Algeria, kisha Rabat, Moroko. Huko aliongoza matangazo ya radio kwa lugha ya Kihispania, yaliyovuka bahari na kuingia inchi ya Franco.

Vita ikaisha, akakataa kurudi nyumbani. Alikuwa amempenda mwanasheria Mfaransa, Suzanne Maury, na huyo mama njo alimpa wazo. Tangier wakati ule ulikuwa mji wa kimataifa, haukuwa wa inchi moja, na hakukuwa na sheria ya kuzuia mtu kurusha matangazo. Jeshi la Marekani lilikuwa linauza vifaa vya radio ambavyo halikuvihitaji tena. Southworth akanunua, na Radio Tangier ikazaliwa. Sisi tunaofanya kazi hii tunajua vifaa vilivyokwisha kutumika vinavyosumbua, lakini tunajua pia kwamba wengi wetu tulianza hivyo hivyo.

Ile radio ilimlisha, na tena ilimpa njia. Kutoka Tangier mpaka Hispania ni kuvuka maji membamba tu. Akawa anaingia mara kwa mara na kununua vitabu: vya washindi, vya mapadri, vya askari wa zamani, vijitabu vya kurasa ishirini ambavyo hakuna mwingine alidhani vina maana. Polisi ya Franco iliona mteja wa vitabu vinavyosifu utawala. Kumbe mteja alikuwa anakusanya ushahidi. Mkusanyiko huo ukawa mkubwa kuliko wowote duniani juu ya vita ya Hispania. Leo uko mu maktaba ya chuo kikuu cha California kule San Diego na unabeba jina lake.

Moroko ilipata uhuru mwaka wa 1956, na tarehe 31 Desemba 1960, usiku wa manane, serikali ikachukua radio. Southworth na mke wake walikuwa wamekwisha kuhamia Ufaransa. Alijaribu biashara ya kuuzia Wafaransa viazi vya kukaanga vya mu mfuko, akapoteza pesa. Kupata nyumba mjini Paris ya kutosha vitabu vile ilikuwa taabu nyingine, basi wakaenda kuishi kijijini, mu nyumba kubwa ya zamani iliyochakaa. Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini na hajaandika kitabu hata kimoja kikubwa cha historia.

Kitabu cha 1963

Kitabu kikaja. Ruedo Ibérico, nyumba ya vitabu iliyoanzishwa Paris na Wahispania waliokimbia inchi yao, ikapiga chapa El mito de la cruzada de Franco, kitabu juu ya hadithi ya uongo ya kruzada ya Franco. Hispania kilikatazwa. Kiliingia kwa siri, mu mizigo ya wasafiri.

Alifanya nini mu kitabu hicho? Hakuingia maarifu ya siri, na hakuna jenerali aliyemnong'oneza neno. Alichukua vitabu vya watu wa Franco, akaviweka kimoja kando ya kingine, akasoma polepole. Huyu anasema hivi mu chapa ya kwanza, mu chapa ya pili amefuta. Huyu anatoa ushuhuda, lakini siku ile hakuwa pale. Huyu anamtaja yule kama chanzo, na yule anamtaja huyu. Ukifuata kamba mpaka mwisho unakuta hakuna ng'ombe aliyefungwa.

Chukua zile zilizoitwa karatasi za siri za wakomunisti. Watetezi wa uasi walizionyesha dunia nzima kama ushahidi kwamba mapinduzi ya wakomunisti yalipangwa mu mwaka wa 1936, na kwamba majenerali waliwahi tu kuyazuia. Southworth alifuata kila chapa ya karatasi hizo, inchi kwa inchi, akaonyesha ni za kughushi. Si neno dogo hilo. Sababu yote ya uasi ilikuwa imejengwa juu yake.

Madrid walishtuka. Waziri wa Habari, Manuel Fraga, akaanzisha ofisi nzima ya masomo juu ya vita ili historia ya utawala ipate sura mpya, na akaiweka chini ya Ricardo de la Cierva. Yaani serikali yenye maarifu, mishahara na wapiga chapa ililazimika kupanga ofisi ili kujibu mtu mmoja anayekaa kijijini kwa wageni na vitabu vyake. Mwaka wa 1967 akatoa kingine, Antifalange, juu ya Falange, chama cha utawala.

Nani alichoma Guernica

Siku ile ya 1937 ilikuwa Jumatatu, siku ya soko. Ndege za kikosi cha Ujerumani kiitwacho Legion Condor, pamoja na za Italia, zilipiga mji kwa zaidi ya masaa matatu, bombe za kubomoa na bombe za kuwasha moto. George Steer, mwandishi wa habari aliyezaliwa Afrika Kusini na aliyekuwa ametoka kuripoti Waitalia wakivamia Etiopia, alifika usiku uleule, mji ukiwaka. Aliona mabaki ya bombe yenye alama za Kijerumani. Habari yake ikatoka tarehe 28 Aprili mu The Times la London na mu The New York Times.

Makao makuu ya Franco yakakana: hakuna ndege iliyoruka, ni Wabasque walichoma. Tarehe 29 askari wa Franco wakaingia Guernica, na tangu siku ile mahali pa tukio pakawa mikononi mwa mshtakiwa. Wandishi wa habari walioletwa baadaye walitembezwa na maafisa wa jeshi, wakaonyeshwa kile kilichotakiwa waone.

Kitabu cha Southworth juu ya maneno haya kilitoka kwa Kifaransa mu mwaka wa 1975, kisha kwa Kiingereza mu 1977 kikiitwa Guernica! Guernica!. Kazi hiyo pia njo ilimpa udaktari wa chuo kikuu cha Sorbonne, Paris, akiwa mzee. Anayekifungua akitegemea hesabu ya bombe peke yake atashangaa. Sehemu kubwa inafuata habari yenyewe: telegramu ilitoka wapi, saa ngapi, ilipita kwa nani, neno gani liliondolewa njiani, gazeti gani la Paris au London liliipunguza nguvu na kwa sababu gani. Anaonyesha namna uongo uliozaliwa Salamanca ulivyopata wasemaji mu magazeti na makanisa ya inchi zingine, watu ambao wengi hawakulipwa kitu. Waliuamini juu ulilingana na kile walichotaka kuamini.

Polepole wanahistoria wa utawala wakarudi nyuma. Wakakubali kwamba ndege zilikuwapo, lakini wakasema ni Wajerumani peke yao, Franco hakujua. De la Cierva alifika kusema waliokufa hawatimizi hata kumi na wawili. Juu ya hesabu ya wafu mabishano ni ya kweli: serikali ya Wabasque ilitaja 1,654, na watafiti wengine baadaye wakashuka mpaka mamia machache. Juu ya nani aliyeupiga mji hakuna tena mabishano ya maana. Mwaka wa 1997 raisi wa Ujerumani, Roman Herzog, aliandikia waliookoka akikubali kosa la inchi yake.

Lawama

Wako wanaosema Southworth alikuwa mtu wa upande mmoja, na hilo si la kutupa. Mu eneo la Jamhuri pia watu waliuawa kwa maelfu. Padri Antonio Montero, mu kitabu chake cha 1961, alihesabu mapadri, watawa na masista 6,832 waliouawa. Msomaji anayetafuta historia ya mauaji hayo hataipata kwa Southworth. Aende kwa wengine, sawa Mwingereza Paul Preston, aliyekuwa rafiki yake na aliyeandika juu ya mauaji ya pande zote mbili. Southworth alichagua uongo wa mshindi, juu njo ule uliokuwa na polisi na shule nyuma yake. Kwa maoni yetu, kinachomuokoa ni kwamba kila anachosema anakitilia kitabu na ukurasa, na adui yake anaweza kwenda kuangalia. Wengi walienda.

Alifariki tarehe 30 Oktoba 1999 kule Ufaransa, akiwa na miaka 91. Siku tatu mbele ya kifo alikuwa amekabidhi mwandiko wa kitabu chake cha mwisho, juu ya zile karatasi za siri za 1936 na namna Franco mwenyewe alivyolishwa hofu ya wakomunisti kabla hajaanza kuwalisha wengine. Kilitoka kisha yeye kuzikwa.