Jicho la Mlezi: Historia ya Kuwalinda Watoto Wadogo Kabla ya Shule

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hii hutajwa mno katika hotuba na mikutano, na kwa kuwa hutajwa mno, wengi wetu tumeacha kuisikiliza. Aghalabu huchukuliwa kuwa ni wito wa ushirikiano tu, kama ile isemayo kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini anayeitazama kwa makini ataona kwamba ndani yake mna hesabu. Mtoto mmoja ahitaji mikono mingi. Haikusemwa kwamba mkono mmoja utoshe watoto wengi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kazi ya kuwalinda watoto wadogo, wale ambao hawajafikia umri wa kuingia darasa la kwanza, ilivyohama kutoka uani kwenda kituoni, na kutoka kituoni kwenda darasani, na jinsi hesabu hiyo ya wahenga ilivyokuwa ikisahauliwa njiani.

Yafaa tuanze na lugha yenyewe. Mbuzi huchungwa, shamba hulindwa dhidi ya nguruwe na nyani, mgonjwa huuguzwa, lakini mtoto hulelewa. Neno hili kulea limebeba mambo mengi kwa pamoja: kulisha, kufunza, kubembeleza na kuzuia madhara. Mzee aliyeambiwa amlee mtoto hakuhitaji kuelezwa kwamba amwangalie asianguke kisimani, kwa maana jambo hilo limo ndani ya neno lenyewe. Tutaona hapo mbele kwamba hatari ilianza pale mambo hayo yalipotenganishwa, huyu akapewa kazi ya kufundisha, yule kazi ya kupika uji, na kazi ya kutazama ikabaki bila mwenyewe.

Katika maisha ya zamani ya makabila yetu mengi, mama alipokwenda kulima au kuteka maji, mtoto hakubaki na mtu mmoja. Alibaki na ua mzima. Palikuwapo na bibi aliyekuwa akipeta nafaka, babu aliyekuwa akisuka kamba kivulini, shangazi, jirani, na dada mwenye umri wa miaka saba au minane aliyembeba mdogo wake mgongoni kwa nguo. Mtu mzima yeyote alikuwa na haki ya kumkemea mtoto wa mwenziwe, na mzazi wa mtoto hakuona kuwa ameingiliwa. Katika miji ya pwani na visiwani Unguja na Pemba, watoto walipelekwa chuoni kujifunza Kurani wangali wadogo sana. Mwalimu mara nyingi alifundisha barazani au ndani ya nyumba yake mwenyewe, na wanafunzi wakubwa waliwashika mkono wadogo katika kuzitambua herufi.

Hata hivyo si haki kuyapamba mambo ya kale kupita kiasi. Yule dada wa miaka saba alikuwa naye mtoto. Alitamani kucheza kombolela na rede kama wenzake, na alipozama mchezoni, mdogo wake alitambaa kuelekea motoni. Makovu ya moto waliyo nayo watu wazima wengi vijijini ni ushahidi wa jambo hilo. Tunachoweza kusema kwa haki ni kwamba jicho moja lilipopitiwa, kwa kawaida palikuwapo jicho la pili.

Utawala wa kikoloni haukujali malezi ya mtoto mdogo wa Kiafrika. Shule zenyewe zilikuwa chache, nazo ziligawanywa kwa rangi. Lakini mijini ulizuka uhusiano wa ajabu. Mwanamke wa Kiafrika aliajiriwa kuwa yaya katika nyumba za Wazungu na Waasia, akashinda kutwa akimtazama mtoto wa mwajiri wake asiguse jiko wala asitoke barabarani, hali mtoto wake mwenyewe amebaki nyumbani na mtoto mwenziwe. Hivyo kazi ya kulinda mtoto ilijulikana kuwa ni kazi yenye kustahili mshahara. Ila mshahara huo ulitolewa kwa ajili ya watoto wa wachache.

Baada ya Uhuru mambo matatu yalikutana na kuugeuza ua wa zamani. La kwanza ni kazi ya ujamaa. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 na vijiji vilipoanzishwa kwa wingi, hasa katika Operesheni Vijiji ya kati ya miaka 1973 na 1976, wanawake waliitwa kwenye shamba la pamoja kwa saa maalumu. La pili ni kuhama kwenyewe. Familia nyingi ziliwekwa mbali na bibi, shangazi na majirani wa zamani. La tatu, ambalo halitajwi sana, ni elimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa shule apate nafasi ya elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Uamuzi huo ulikuwa wa heri kubwa, na hasa kwa watoto wa kike. Lakini siku ile yule dada wa miaka saba alipochukua daftari na kwenda shule, mdogo wake alishushwa mgongoni. Nani angempokea?

Jibu la taifa lilikuwa kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ulioundwa mwaka 1962, ulivihimiza vituo hivi, na vijiji vingi vikavijenga kwa nguvu za wananchi.

Sisi tunaoandika haya tulilelewa katika kituo cha namna hiyo katikati ya miaka ya 1970. Kilikuwa banda la miti lililoezekwa kwa nyasi, lenye mwembe mbele yake, na kengele yake ilikuwa kipande cha chuma cha gurudumu la gari. Tulikuwa watoto wapatao arobaini. Walezi wetu walikuwa kina mama wawili waliochaguliwa na kijiji. Hawakuwa na cheti chochote, lakini kila mmoja alikuwa amelea wanawe mwenyewe. Mmoja alipika uji, na mwingine alikaa nasi chini ya mwembe akitutolea hadithi na kutuhesabu. Alituhesabu asubuhi, akatuhesabu baada ya uji, akatuhesabu tena kabla ya mama zetu kurudi kutoka shambani. Wakati ule tulidhani kuhesabiwa ni mchezo.

Siku moja wageni walifika kijijini, na yule mama aliyekuwa akitutazama akaitwa kwenda kuwapikia. Mwenziwe alibaki peke yake kati ya chungu cha uji na watoto arobaini. Nyuma ya banda palikuwa na shimo lililochimbwa udongo wa matofali, nalo lilikuwa limejaa maji ya mvua. Mwenzetu mmoja mwenye umri wa miaka minne, ambaye kwa heshima ya wazazi wake hatutamtaja jina, alipita nyuma ya banda bila kuonekana. Alipatikana adhuhuri. Kesho yake alizikwa.

Mkutano uliitishwa. Tulikuwa wadogo, lakini wakubwa wetu walitusimulia baadaye yaliyosemwa. Yule mama aliyekuwa akikoroga uji aliulizwa alikuwa wapi, macho yake yalikuwa wapi, na moyo wake ulikuwa wapi. Aliacha kazi ile, na kwa miaka mingi hakupita njia ya kituoni. Hakuna aliyesimama kumwuliza yule aliyemwita mwenziwe. Hakuna aliyeuliza kwa nini shimo halikuzungushiwa ua. Jicho moja lililaumiwa kwa kutoona, na mkono uliolifumba lile jingine haukutajwa.

Tumelieleza tukio hili kwa sababu tumeliona tena na tena, kwa sura nyingine, tangu tulipoajiriwa serikalini na kazi ikatupeleka vituoni. Linapotokea jambo, mlezi huulizwa alikuwa wapi. Ni nadra kuulizwa alikuwa na watoto wangapi.

Sheria ilikuja kutia nguvu jambo hili. Mwaka 1981 Bunge lilitunga Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Wadogo Mchana, iliyotaka vituo viandikishwe na kukaguliwa. Kwa sheria hiyo kituo kilikoma kuwa shauri la kijiji peke yake. Kikawa dhamana ya Serikali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliifuta ile ya 1981 na kuyachukua mambo ya vituo ndani yake. Wakati huohuo majirani zetu nao walikuwa wakitafuta njia. Mjini Mombasa, katika miaka ya 1980, ulianzishwa mpango wa shule za awali zilizounganisha mafunzo ya dini ya chuoni na michezo ya watoto, wanawake wa mitaa ileile wakifunzwa kuwa walimu. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990. Fundisho lake ni kwamba si lazima kuubomoa ua wa zamani ili kujenga shule; yawezekana kumchukua shangazi wa mtaani na kumwongezea ujuzi.

Kisha kituo kikaanza kugeuka darasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiweka elimu ya awali katika mfumo rasmi, na ile ya 2014 ikaifanya kuwa ya lazima. Ada ilipoondolewa kuanzia Januari 2016, wazazi waliitikia kwa wingi. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini kipimo kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na katika shule nyingi za Serikali mwalimu wa darasa la awali alijikuta mbele ya watoto mia na zaidi. Mwalimu huyo akigeuka kuandika herufi ubaoni, ni jicho gani linalobaki kwa watoto? Ndilo swali lilelile la shimo la matofali, ila safari hii limevaa sare ya shule.

Watu husema kwamba dawa ni ukali, na kwamba fimbo itawakalisha. Historia tuliyoieleza haikubaliani nao. Mtoto anayekaa kwa hofu halindwi. Amefungwa tu, na siku kamba ikikatika atakimbia. Yule mama wa chini ya mwembe hakuwa na fimbo. Alikaa mahali pa kuona pande zote, alituita kila mmoja kwa jina lake, na alituhesabu mara tatu kwa siku. Aliweza kufanya hivyo kwa kuwa mwenziwe alikuwapo jikoni. Siku mwenziwe alipobaki peke yake, upendo wake haukupungua hata kidogo. Kilichopungua ni mikono.

Mwezi Desemba 2021 taifa lilizindua Programu Jumuishi ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na mazungumzo juu ya walezi wa kijamii yamepata nguvu mpya. Tunashauri kwamba katika kila kijiji na mtaa, kabla ya kuhesabu matofali na madawati, wahesabiwe watu wazima. Bibi aliye na nguvu bado, kijana aliyefunzwa, mzazi mwenye zamu yake: hawa wote ni ua wa zamani unaoweza kusimamishwa tena ndani ya shule. Na mtu yeyote mwenye madaraka, anapotaka kumwita mlezi mmoja kwenda kwenye shughuli nyingine, hata iwe ya heshima namna gani, na ajiulize kwanza ni nani anayebaki chini ya mwembe.

Lile shimo lilifukiwa mwaka uleule. Tulipopita kijijini miaka ya karibuni tulikuta limeota majani, na watoto wanacheza juu yake. Tulisimama kidogo tukawahesabu.