Bolti Nne, Sita, Nane: Historia ya Kinachoshika Flaiwili

Wasomaji wangu wa kawaida mnisamehe, leo hakuna habari za programu wala seva. Leo tunaingia chini ya gari, pale injini inapokutana na klachi. Kuna bolti chache pale, fupi na nene, ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka siku giaboksi inaposhushwa. Ndizo zinazoshika flaiwili kwenye krenki.

Nina sababu ya kuzileta. Huku kwetu, kutoka Kericho kupitia Litein mpaka Bomet, vijana wanazipandisha nguvu Subaru na Lancer zao. Wananunua turbo kubwa, wananunua klachi ngumu, halafu bolti zinarudishwa zilezile kuukuu. Wengine wanaenda hadiwea wanachukua zozote zenye kipenyo sawa. Flaiwili yenye upana wa sentimita 28 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Na iko karibu na miguu ya dereva.

Sasa historia. Joginder Singh, yule Simba wa Safari Rally, alizaliwa hapa Kericho mwaka 1932. Kabla ya kuwa dereva alikuwa fundi, kazi aliyoikuta katika gereji ya baba yake. Kati ya 1959 na 1980 aliingia Safari mara 22 na akamaliza mara 19. Kumbuka kwamba mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu, na mwaka 1968 tena 7. Watu humsifu kwa kasi. Mimi naona 19 kati ya 22 ni hesabu ya fundi, mtu anayejua kitu gani kitalegea kabla hakijalegea.

Ushindi wake wa kwanza, mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, ulikuja kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Umbo la gari lile lilikuwa limeonyeshwa Sweden tangu 1944 likiitwa PV444, na mwaka huohuo wa 1965 Volvo iliacha kuliunda. Ndani yake kulikuwa na injini ya B18, na flaiwili ya B18 inashikwa na bolti sita.

Hapo ndipo utamu ulipo kwangu. Injini ile ilikua ikawa B20 ya lita mbili, bado na bolti sita. Katikati ya miaka ya 1970 krenki ikabadilishwa, zikawa nane. Ford nao walipita njia hiyo. Cortina GT ilishinda Safari mwaka 1964, na ndugu yake mkali, Lotus Cortina, alikuwa na injini ya Twin Cam ambayo krenki zake za mwanzo zilikuwa na bolti nne, za baadaye sita. Sisi watu wa programu tumezoea kusoma orodha ya mabadiliko kati ya toleo moja na jingine ili kujua wenzetu waliumia wapi. Idadi ya bolti ni orodha kama hiyo, imeandikwa kwa chuma.

Lakini bolti inafanya nini hasa? Wengi hudhani inasimama njiani kama msumari, flaiwili ikitaka kuteleza inagonga shina la bolti. Sivyo. Bolti ikikazwa inavutika kidogo kama springi, na mvuto huo unaibana flaiwili kwenye krenki. Kinachobeba nguvu ya injini ni msuguano wa vyuma viwili vilivyobanwa. Siku shina la bolti linapoanza kugongwa, mambo yameshaharibika.

Binamu yangu wa Litein aliniuliza kama bolti za 8.8 zitamtosha. Tupige hesabu ya mfano. Bolti sita za milimita 10, zimepangwa kwenye duara la nusu kipenyo milimita 35. Alama ya 10.9 kichwani maana yake chuma kinakatika kwenye megapaskali 1,000 na kinaanza kulegea kwenye asilimia 90 ya hapo. Bolti ya 10.9 ikikazwa vizuri inabana kwa kama kilonewtoni 36, ya 8.8 kama 25. Kwa msuguano wa 0.15, zile za 10.9 zinashika torki ya Newton-mita 1,130 hivi, za 8.8 kama 790. Injini yake inatoa 300. Basi si zinatosha?

Ngoja. Hiyo 300 ni wastani. Silinda moja inapowaka, mpigo wake ni mara kadhaa ya wastani, na bolti hizi zinapigwa hivyo maelfu ya mara kwa dakika. Mafuta yakiingia katikati, msuguano unashuka mpaka 0.10, na 790 inakuwa 530. Fundi akikaza kwa mkono akafikia nusu ya mkazo, umebaki na 265. Umeshapita chini ya wastani wenyewe, na bado hujapanda mlima wa matope na gari lililobeba majani chai.

Kwa hiyo alama ya kichwani ni mwanzo tu. Angalia urefu. Bolti ndefu hugonga mwisho wa tundu na kukudanganya kwamba imekaza, kumbe haijabana kitu. Angalia kichwa pia, kwa sababu klachi pleti ya mbio mara nyingi ina kitovu kinene, na springi zake zinaweza kukwaruza vichwa virefu. Kwenye injini nyingi matundu yanatokea ndani kwenye mafuta, basi nyuzi zinahitaji gundi ya kuziba. Kama mtengenezaji wa gari anasema bolti ni za kukazwa kwa pembe na kutumika mara moja, tupa za zamani bila huruma. Na usikimbilie 12.9 kwa kudhani namba kubwa ndiyo dawa: chuma kigumu hivyo, kikipakwa zinki vibaya, kinaweza kupasuka ghafla bila onyo. Safisha nyuso zote mbili zikauke, kaza kwa msalaba, kwa spana ya torki. Ya kuazima ni sawa.

Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, zote kwa Mitsubishi Lancer, akiwa na David Doig. Mitsubishi hiyohiyo baadaye ilitoa injini ya 4G63, na mwaka 1992 ikaihamisha kutoka bolti sita hadi saba. Ungetarajia wapenda mbio wafurahi. Kinyume chake, Wamarekani wengi wenye Eclipse walianza kuisaka ile ya zamani ya sita, kwa sababu ya saba ilipata sifa mbaya ya krenki kusogea mbele na nyuma hadi kula beringi yake. Klachi ngumu inazidisha shida hiyo, maana kila ukikanyaga pedali unaisukuma krenki. Binamu ana Subaru ya bolti nane. Nimemwambia aagize mpya za kiwandani, na pedali asiiegemee mguu kwenye foleni ya Kapsoit.